Mwaka Ambao Mama Alitoka Jasho

Mama yangu alikuwa fundi cherehani. Kwa miaka mingi alishonea kwenye baraza la duka la vitambaa mjini Shinyanga, duka la mzee wa Kihindi, Mwislamu, aliyezaliwa mji huohuo na aliyeongea Kisukuma vizuri kunizidi mimi. Mteja alinunua kitambaa ndani, akitoka nje anamkuta mama nyuma ya cherehani, amekalia stuli isiyoonekana, kwa maana mwili wake ulikuwa umeifunika yote.

Alikuwa mnene sana. Siku zile kwetu halikuwa neno la kumsema mtu vibaya. Baba alikufa kwa ajali ya lori la pamba nikiwa darasa la pili, akamwacha mama na mimi, mtoto wake wa pekee, na watu walipomwona vile alivyo walisema mjane huyu hajashindwa na maisha. Unene ulikuwa heshima yake. Sokoni wanawake wenzake walimpisha. Wakulima waliokuja mjini kutoka Kishapu walimwita "mayu", yaani mama, hata wale waliomzidi umri.

Kilichomtofautisha na mafundi wengine wa baraza lile ni kichwa chake. Hakuwa na daftari. Alikupima mara moja, utepe ukapita begani, kifuani, kiunoni, na vipimo vyako vikabaki kwake kama jina lako. Ukirudi baada ya miaka mitatu alikutazama tu, akasema, "Kiuno kimeongezeka inchi mbili, mengine yako palepale." Alikuwa sahihi. Yule mzee wa duka alipenda kuwaita wageni waje washuhudie. "Mjaribuni," alisema, "mjaribuni huyu mama." Naye mama alicheka huku ameziba mdomo kwa kiganja, kwa sababu aliona aibu kusifiwa mbele za watu.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilipokuwa mwaka wa mwisho wa chuo cha ualimu hapohapo mjini, kichwa kile kilianza kumponyoka.

Mwanzo hatukudhani kuwa ni kitu. Alishona sare za kwaya ya kanisa na katika gauni moja akaweka mikono miwili ya upande wa kulia. Tukacheka, akafumua, akarudia. Kisha mke wa mchungaji akaja kuchukua nguo yake, na mama akamtazama kwa upole, akamuuliza, "Nikusaidie nini mwanangu?" kana kwamba hajawahi kumwona. Mke wa mchungaji alidhani ni mzaha. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na niliona macho ya mama. Hayakuwa ya mzaha.

Halafu ikaja siku ya sokoni. Alikwenda kununua dagaa, hakurudi. Nilimkuta karibu na kiwanda cha kuchambulia pamba, upande usio wa nyumbani kabisa, amesimama juani na kikapu chake, akipumua kwa shida. Aliponiona alisema, "Afadhali umekuja. Barabara wameibadilisha." Barabara ilikuwa ileile. Nikamshika mkono tukarudi polepole, akisimama kila baada ya nyumba tano au sita kupumzisha magoti. Alipofika nyumbani aliketi kitandani akalia bila sauti. Sikuwahi kumwona akilia tangu baba azikwe.

Wiki iliyofuata nikampeleka hospitali. Aliyetupokea alikuwa tabibu mwanamke, wa rika la mama, mwembamba, mwenye sauti kavu. Alimpima presha mara mbili kwa sababu ya kwanza hakuiamini. Akampandisha kwenye mizani, na mizani ikafika mwisho wake. Kisha akaweka kalamu chini.

"Dada," alimwambia mama, "dawa za presha nitakupa, uzimeze kila siku. Lakini nikikuambia dawa peke yake inatosha nitakuwa nakudanganya. Mwili wako umekuwa mzigo kwa moyo wako. Damu haifiki kichwani inavyotakiwa, na mishipa ya kichwani ni midogo, ndiyo ya kwanza kuumia. Ndiyo maana unasahau."

"Nitakuwa kichaa?" mama aliuliza.

"Sijasema hivyo. Nasema utoke jasho. Kila siku, alfajiri, kabla ya jua kali. Na simaanishi kutembea kwa kujivuta kama unakwenda msibani. Utembee haraka, upande mlima, mpaka ushindwe kumaliza sentensi kwa pumzi moja. Uanze kidogo, uongeze kila wiki."

"Mtu mzima kama mimi, nikimbie barabarani?"

"Ndiyo, mtu mzima kama wewe." Kisha sauti yake ikalainika. "Siwezi kukuahidi kitu. Nimeona wagonjwa wachache waliofanya hivyo, na vichwa vyao vilitulia kuliko wale waliomeza vidonge wakakaa. Ndilo ninalolijua."

Mama alipotoka mle ndani aliniuliza kama nimesikia yote, kwa kuwa yeye alikuwa anaogopa kuyasahau.

Tukaanza Jumatatu. Nilikuwa nimemaliza chuo, nasubiri kupangiwa kazi, kwa hiyo nilikuwa na muda. Tuliondoka nyumbani Ngokolo kukiwa bado hakujapambazuka vizuri, tukafuata njia ya miguu iliyo kando ya reli, tukavuka mashamba na ngitili, yale malisho ya akiba ambayo wafugaji huyaacha yasilishwe mpaka kiangazi, hadi kwenye kilima cha mawe. Siku ya kwanza hatukukifikia. Hatukufika hata robo. Alikaa juu ya mataruma ya reli, kifua kinapanda na kushuka, akasema, "Yule tabibu anataka kuniua."

Mapaja yalimchubuka mpaka akawa anatembea kwa kutanua miguu. Basi akakata kitambaa cha pamba, akajishonea kaptula ndefu ya kuvaa ndani ya kitenge. Viatu vya kike vya kumtosha havikuwepo, nikampatia kwenye mitumba raba za kiume zilizokuwa na doa la rangi kwenye ncha. Alipozivaa mara ya kwanza alijitazama miguu kwa muda mrefu. "Baba yako angeniona hivi," alisema.

Watu walicheka, bila shaka. Wapagazi wa stesheni walimpigia kelele, "Mama, treni imeshaondoka!" Wanafunzi walimfuata wakiiga mwendo wake. Wazee waliokuwa wakipeleka ng'ombe majini walisimama na kumsalimu kwa masikitiko, "Mwangaluka mayu, kuna msiba?" kwa maana hawakuona sababu nyingine ya mwanamke mnene kwenda mbio alfajiri. Mama aliitikia kila salamu mpaka pumzi zikamkatika, kisha akawa anainua mkono tu.

Katika mwezi wetu wa tatu wa kutembea tulifika juu ya kilima. Namkumbuka akiwa amesimama pale, blauzi imemgandia mgongoni kwa jasho, uso umeiva, anahema kama mtu aliyechimba kisima. Alitazama mji chini na kuanza kunitajia nyumba moja moja: ile ya mwalimu mkuu, ile ya mjane wa dereva, ile aliyokaa yeye na baba walipooana. Hakukosea hata moja. Nikageuka upande wa pili ili asinione.

Sikujua wakati ule, wala sijui leo, ni nini hasa kilichofanyika ndani ya kichwa chake. Ninachojua ni nilichokiona. Alianza kulala usingizi mzuri. Aliacha kuniita kwa jina la mdogo wake aliyekufa zamani. Aliacha kuuliza jambo moja mara nne. Presha ilishuka, na yule tabibu aliandika namba kwenye kadi huku akitabasamu, jambo ambalo sikumdhania.

Kisha siku moja akaja barazani mfugaji mmoja kutoka upande wa Kishapu, mzee mrefu aliyevaa koti la zamani lililokwisha viwiko. Alitaka jingine kama lile, alilokuwa ameshonewa na mama miaka iliyopita. Mama hakugusa utepe. Alimtazama juu hadi chini.

"Bega kumi na tisa," alisema, "mkono ishirini na sita. Na uliniambia nikuwekee mfuko wa ndani upande wa kushoto, kwa ajili ya tumbaku."

Mzee yule akashika kifua chake mahali ulipokuwa mfuko. "Wewe mama!" alisema. "Mke wangu mwenyewe hajui habari za mfuko huu!"

Mwenye duka alitoka ndani akipiga makofi. Mama aliziba mdomo kwa kiganja. Tulikula wali siku ile, siku ya kazi, bila sikukuu yoyote.

Lakini jasho lile lile lilikuwa linamwondolea mama kitu kingine machoni pa watu. Alikuwa anapungua. Magauni yalianza kuning'inia. Mashavu yalishuka, mifupa ya shingo, ambayo mimi sikuwahi kuiona maishani mwangu, ikatokeza. Yeye alifurahi. Alipunguza nguo zake mwenyewe, mshono juu ya mshono, na kila alipopunguza alinionyesha kipande alichokata.

Anayekumbuka miaka ile atajua ninachotaka kusema. Tulikuwa tunazika watu kila wiki. Ugonjwa hatukuutaja kwa jina lake, tulisema "ugonjwa huu wa siku hizi", au vijana wakasema fulani kakanyaga waya. Na dalili ya kwanza ambayo kila mtu aliijua ilikuwa kukonda. Mtu mnene akikonda, hakuna aliyeuliza anafanya mazoezi gani. Waliuliza alikuwa na nani.

Na mama alikuwa mjane. Na mama alikuwa fundi, akishika sindano kutwa nzima.

Nilikuwepo siku ile mteja mmoja, mwanamke wa mtaani kwetu, alipokuja kujaribu gauni. Mama alikuwa anabana pindo kwa pini, akajichoma kidole. Tone la damu likatoka, akalinyonya kama alivyofanya maisha yake yote, kama wanavyofanya mafundi wote. Yule mwanamke alirudi nyuma hatua mbili. Akalivua gauni likiwa na pini zake, akavaa nguo zake haraka haraka, akasema, "Ngoja kwanza, dada. Nitakuja wiki ijayo." Hakuja. Na baada yake hawakuja wengi.

Mwenye duka alimtetea kadiri alivyoweza. Nilimsikia akiwaambia watu, "Nyinyi, huyu anakimbia kila asubuhi, mgonjwa gani anakimbia?" Lakini siku moja alimwita mama, akamkaribisha kwenye kiti cha ndani, kile alichokuwa akikaa yeye mwenyewe, akamwambia kwa staha, "Mama, kapime damu. Si kwa ajili yangu. Ukipata karatasi, mimi nitaibandika hapo ukutani."

Mama alikwenda kupima. Majibu yalikuwa safi. Aliikunja ile karatasi akaiweka kwenye Biblia, na hakumpa mzee aibandike. "Mtu wa kuogopa sindano yangu," aliniambia, "akiona karatasi atasema nimehonga ili niipate." Akaendelea kwenda kilimani. Alikuwa amebaki na wateja wachache, wazee wa vijijini ambao habari za mjini hazikuwafikia, na alikuwa anawashonea akiwa mtulivu. Nadhani alishakubali kupoteza wateja ilimradi abaki na akili yake.

Mimi ndiye niliyeshindwa kukubali.

Mwaka ule nilikuwa nimechumbiwa. Mchumba wangu alikuwa mwalimu, mtu wa Chato, amepangiwa kazi Katoro, kwenye barabara ya kutoka Geita, ambako watu walikuwa wanamiminika kwa ajili ya dhahabu. Tulikutana chuoni. Mambo ya wazee yalikuwa yamekwenda vizuri, mpaka shangazi yake alipokuja kututembelea. Alileta sato wakavu kwenye kapu, akapokewa, akala, akamsalimu mama vizuri. Kisha akanifuata jikoni nilipokuwa naosha vyombo.

"Binti," alisema, "wewe hatuna neno nawe. Lakini mama yako anaumwa nini?"

"Haumwi, shangazi. Anafanya mazoezi."

"Mazoezi." Alilitamka kama mtu anayetema mbegu. "Mazoezi ya nini, mjane wa umri ule?"

Nilifungua mdomo ili nimwambie. Ni kwa ajili ya kichwa, nilitaka kusema, alikuwa anasahau, alikuwa anapotea njia, na sasa hapotei. Nikaona neno lile litakavyofika Chato. Kwamba kwao kuna wazimu. Kwamba unarithiwa. Nikafunga mdomo. Nilikuwa na majibu mawili, na yote mawili yangenivunjia ndoa.

"Sisi kule tunasikia maneno," shangazi alisema. "Mtoto wetu ni mmoja. Tungependa tumwone mama yako akiwa na afya siku ya harusi." Akanigusa bega, akatoka.

Nilikaa na maneno yale siku tatu. Siku ya nne, tukiwa njiani kurudi kutoka kilimani, nikasema.

"Mama, ungepumzika kidogo."

"Sijachoka."

"Sio leo. Nasema uache kwa muda. Mpaka harusi ipite. Ule vizuri, mwili urudi."

Alisimama. Alikuwa bado anahema. Nilitazama mataruma ya reli kwa kuwa sikuweza kumtazama usoni.

"Wamesema nini?" aliuliza.

Nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akavua kilemba akajifuta shingo.

"Harusi ni baada ya miezi mingapi?"

"Mitano."

"Mitano," alisema. Tukatembea kidogo. Kisha akasema, "Ukiona naanza tena kusahau, utaniambia?"

"Nitakuambia, mama."

"Uniambie kweli, usinionee huruma. Maana mimi mwenyewe sitajua."

Nikaapa. Kesho yake hakuamka alfajiri. Raba aliziosha, akazianika, akazifunga kwenye mfuko wa plastiki na kuziweka chini ya kitanda.

Alikula. Nilimpikia ugali na maziwa mgando, nyama, viazi, na yeye alimaliza kila nilichoweka mbele yake kama mtu anayemeza dawa. Mwili ulirudi upesi kuliko ulivyoondoka. Wateja nao wakaanza kurudi, mmoja mmoja, wakimwambia, "Sasa umependeza." Siku ya harusi alivaa gauni la rangi ya zambarau alilojishonea, na alipoingia kanisani upande wa ndugu za bwana harusi ulinong'ona kwa kuridhika. Shangazi alimkumbatia. Mimi nilikuwa bibi harusi, nilitakiwa kufurahi, na nilifurahi.

Kisha nikaenda Katoro.

Nilikuwa nimemwapia mama kwamba nitamwambia, na sikuwepo karibu ili nimwambie. Safari ya Katoro hadi Shinyanga kwa barabara za wakati ule ilikuwa ya siku nzima ikiwa gari halijaharibika, na masika yakianza ilikuwa siku mbili. Nilipata mimba mapema. Nilimwandikia barua, naye alijibu, hati yake nzuri ya duara, akinikumbusha nimeze vidonge vya damu. Aliandika kwamba alijaribu kurudi kilimani lakini magoti yamekataa, na peke yake aliona aibu. Barua za mwanzo zilikuwa kurasa mbili. Baadaye ukurasa. Baadaye ikaja moja yenye salamu tu, na chini yake salamu zilezile tena, na chini yake tena. Niliisoma nikiwa nimembeba mtoto, nikajiambia mama alikuwa na haraka.

Mwaka wa pili yule mwenye duka alituma ujumbe kwa dereva wa lori. Ulikuwa mfupi. "Njoo umchukue mama."

Nilimkuta barazani, mahali pake. Mzee alikuwa hajamwondoa. Mbele yake kulikuwa na rundo la kitambaa kilichokatwa, na nilipolisogelea nikaona ni mikono ya nguo. Mikono mitupu, mirefu, mifupi, ya watoto, ya watu wazima, imekatwa vizuri kabisa, hakuna kifua wala mgongo.

"Anakata mikono tu," mzee aliniambia kwa Kisukuma, taratibu. "Ninampa mabaki ya vitambaa, ili asikae bure. Wateja nawaambia yuko likizo."

Mama alinitazama kwa upole ule ule aliomtazamia mke wa mchungaji.

"Nikusaidie nini mwanangu?" alisema.

Tukaishi naye Katoro miaka minne. Mume wangu hakunung'unika hata siku moja. Nilijaribu kuurudisha mwaka ule. Nilimvalisha zile raba, nikamshika mkono, tukatoka alfajiri kwenye barabara ya vumbi, kabla magari ya kwenda machimboni hayajaanza. Alikuwa mzito, presha iko juu, na daktari wa kule alinionya nisimkimbize, alisema mishipa ilishaumia na sasa kumlazimisha ni hatari. Kwa hiyo tulitembea polepole, kwa kujivuta. Asubuhi nyingine, tukifika mbali kidogo na pumzi ikimpanda, aliweza kunigeukia na kuniita jina langu. Mara tatu au nne tu. Nilizihifadhi.

Siku moja nikiwa darasani alitoka nyumbani akapotea. Tulimtafuta sokoni, kituo cha mabasi, kila mahali. Alasiri mwanamke mmoja anayetwanga mawe akaja kutuambia kuna bibi mnene yuko kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo. Nilikimbia njia nzima nikiwaza shimo.

Alikuwa amesimama mahali salama, kwenye kivuli cha turubai. Mbele yake walikuwa wamepanga mstari wachimbaji saba au wanane, vijana wenye udongo mpaka kwenye kope, vifua wazi. Mama alikuwa anawapima. Hakuwa na utepe, alitumia shibiri za mkono wake, begani, kifuani, kiunoni, akinong'ona namba, na kila mmoja alisimama wima, amenyoosha mikono, mpaka amalize. Akimaliza aliwaambia, "Njoo Ijumaa." Nao walijibu, "Haya mama, shikamoo mama."

Mmoja wao, aliyeonekana mkubwa wao, alinisogelea. "Tulijua hayuko sawa," alisema. "Lakini wengine hapa hawajaguswa na mama zao siku nyingi."

Nilisubiri mpaka wa mwisho amepimwa ndipo nikamchukua.

Alikufa masika ya mwaka wa nne, kwa kiharusi, mchana, akiwa ameketi uani anakunja nguo za wajukuu. Alianguka upande. Alikaa hospitalini Geita siku mbili bila kusema, siku ya tatu akatuacha. Tulimsafirisha tukamzika Shinyanga karibu na baba. Yule mzee wa duka alifunga duka siku nzima, akaja na wanawe, akasimama nyuma kabisa na kofia yake mkononi.

Kabla hatujamsafirisha kutoka Geita nilikuwa nimemuuliza daktari aliyemhudumia. Nilimweleza kilima, mwaka ule, na miezi mitano. Nikamuuliza kama angeendelea, je, ingekuwaje. Alikuwa kijana, alikuwa amechoka. Alifikiri kabla ya kujibu, na kwa hilo namshukuru.

"Labda angepata miaka mingine mizuri," alisema. "Labda asingepata. Hakuna mtu anayeweza kukuambia hilo, mama."

Baada ya matanga, ndugu walipotawanyika, tulibaki mimi na mume wangu nyumbani Ngokolo tukipanga vitu vya marehemu. Katika Biblia niliikuta karatasi ya majibu ya damu. Nikampa aisome. Aliisoma, akaikunja ilivyokuwa.

"Nazikumbuka habari hizi," alisema. "Shangazi alikuja kuniambia kabla hatujaoana. Alisema mama yako anao ule ugonjwa, nifikirie upya."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia kama anao, tutamuuguza. Nilimwambia nakuoa wewe hata hivyo." Alifunga Biblia, akaiweka juu ya meza. "Sikutaka kukusumbua na maneno yale. Niliona wewe huyajui."

Nikaketi sakafuni, palepale, na kilio kilichonitoka hakikuwa kama cha makaburini. Mume wangu aliketi karibu yangu akanishika mgongo. Aliniuliza kitu gani kimenirudisha kwenye kilio wakati tayari nilikuwa nimenyamaza. Nilimwambia ni uchovu. Akasema nilale kidogo, yeye ataendelea kupanga, na akanyanyuka akaenda kuwasha jiko ili anipikie chai.